UZI: Mratibu wa BIM asiye na haki ya kukataa faili anaratibu nini hasa?

MratibuWaMilimani

Wadau wa ujenzi, hamjambo. Kila wiki naona maswali ya "Revit au ArchiCAD?" lakini ni nadra mtu kugusa jambo linalochelewesha miradi mikubwa zaidi ya programu yoyote: nani anatawala modeli.

Ninaratibu BIM kwenye jengo la afya hapa Kisumu. Ni la ghorofa sita na maegesho chini. Kuna usanifu majengo, miundo, umeme, mitambo na hewa, maji na majitaka, na gesi za hospitali. Mkadiriaji gharama ni wa saba, ingawa yeye hachori. Ofisi mbili ziko hapa Kisumu, moja Nakuru, nyingine Nairobi.

Kwa mgeni wa mambo haya: BIM, yaani modeli ya jengo inayobeba taarifa, si picha ya 3D ya kumfurahisha mwenye mradi. Ukuta ulio ndani ya modeli unabeba unene wake, aina ya jiwe, muda unaohimili moto na ghorofa yake. Kila fani inachora modeli yake, kisha zinaunganishwa ziwe modeli ya pamoja. Hapo ndipo unagundua dakti (njia ya bati ya kupitishia hewa) imetoboa boriti, kabla fundi hajaligundua akiwa juu ya jukwaa na nyundo mkononi.

ISO 19650 (kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za BIM), ambayo sehemu zake mbili za kwanza zilitoka Desemba 2018, inapanga faili katika hali nne: inayofanyiwa kazi, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa na ya kumbukumbu. Ofisi nyingi zimefungua folda nne zenye majina hayo na kuamini kazi imekwisha. Folda ni rahisi. Kazi iko katikati ya hali moja na nyingine, maana pale panatakiwa ukaguzi na mtu wa kusema hapana. Bila huyo mtu, faili inatumwa kwa WhatsApp saa tano usiku, asubuhi imeshaunganishwa, na mratibu anaambiwa "rekebisha tu hapo kidogo". Huyo ni refa asiye na kipenga.

Sisi tuliandika kwenye mpango wa utekelezaji wa BIM, kabla ukuta wa kwanza haujachorwa, kwamba faili yenye jina lisilofuata mpangilio, au iliyohifadhiwa kwa toleo tofauti la programu, au iliyohama kwenye koordineti za mradi (namba za mahali jengo lilipo), au iliyobeba vitu vya fani nyingine, haiingii. Na kwamba ikikataliwa, wengine wanaendelea kutumia ya wiki iliyopita, na aliyekataliwa ndiye anayejibu kwenye kikao. Mwenye mradi alitia sahihi. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachouma, na ndicho wengi wanakiacha nje kwa kuogopa kuudhi watu.

Nataka kusikia wenzangu mnafanyaje.

Savea_wa_Bonde

Mratibu, neno "koordineti" umelitaja ukapita mbio. Tusimame hapo kwanza, maana wachoraji wengi wanadhani ni kazi yetu sisi masavea peke yetu.

Ikweta inapita Maseno. Kwenye UTM, mfumo wa ramani unaogawa dunia katika kanda na kupima kwa mita, upande wa kusini hesabu ya kaskazini inaanzia mita milioni 10 ili namba zisiwe hasi. Kwa hiyo kiwanja cha Kisumu mjini kina namba ya kaskazini karibu milioni 9.99, halafu ukipanda Kakamega, safari ya gari fupi tu, namba hiyo inashuka hadi kama 31,000. Ofisi moja yenye miradi miji yote miwili inahitaji vichwa viwili. Nakuru nako kuna vituko vyake: kanda ya 36 inaishia longitudo 36, kwa hiyo Njoro iko kanda ya 36 na Nakuru mjini iko ya 37.

Sijafika kwenye datamu, yaani msingi ambao koordineti zinapimiwa. Ramani zetu za zamani ziko kwenye Arc 1960, kifaa cha setilaiti kinakupa WGS 84. Tofauti kati yake huku kwetu ni karibu mita 300 upande wa kaskazini-kusini. Na ukikuta ramani ya shamba ya zamani zaidi imepimwa kwa mfumo wa zamani wa Cassini, tena kwa futi, omba chai kwanza.

Kwa ufupi, savea akikupa orodha ya namba bila kuandika kanda na datamu, mrudishie. Hata kama ni mimi.

NyarKano_Michoro

Savea, asante sana. Sasa swali la kweli: nikiweka hizo milioni 9.99 moja kwa moja kwenye Revit, mistari inaanza kutetemeka na hachi (mistari ya kujaza maumbo) zinavunjika. Msimamizi wangu anasema kompyuta ni dhaifu. Ni kompyuta?

MratibuWaMilimani

Dada NyarKano, kompyuta haina kosa. Revit inataka vitu vyako viwe karibu na chimbuko lake la ndani (nukta yake ya sifuri), na milioni 9.99 za mita ni kilomita karibu elfu kumi. Ukienda mbali hivyo hesabu zake zinapoteza usahihi.

Jengo liache karibu na chimbuko. Chagua makutano ya gridi mbili, sisi tulitumia A na 1, umwombe savea koordineti za nukta hiyo na pembe kati ya gridi yako na kaskazini. Zinaingizwa mara moja tu kwenye faili la kiwanja, na faili hilo lina mwenyewe mmoja. Fani nyingine zote zinachukua koordineti kutoka humo. Hakuna anayeandika namba kwa mkono. Na urefu vilevile: sakafu ya chini ni 0.00 ndani ya jengo, lakini kwenye faili la kiwanja ni mita elfu moja mia moja na ushee juu ya usawa wa bahari. Mtu wa majitaka anahitaji hiyo ya pili ili afike kwenye shimo la barabarani, wa dari anahitaji ya kwanza. Asiyejua anatumia ipi atakuchorea bomba linalopanda mlima.

JaduongMiundo

Nimewasoma. Nimefanya miundo tangu siku za meza na karatasi ya nta, na bado nauliza: kijana wa kuratibu anapata wapi ubavu wa kukataa faili ya injinia aliyesajiliwa na EBK, Bodi ya Wahandisi Kenya? Jengo likipasuka, ataitwa mimi au ataitwa yeye? Na kwa taarifa yenu, kaunti inaidhinisha michoro yenye sahihi ya mtaalamu aliyesajiliwa. Haiidhinishi modeli.

MratibuWaMilimani

Jaduong', nakuheshimu na swali lako ni la haki. Mratibu hakatai hesabu zako. Nondo ngapi ziingie kwenye nguzo, hilo si langu na sitaligusa. Ninachokataa ni chombo kilicholetea hesabu hizo: faili imehifadhiwa kwa toleo la 2025 wakati wote tulikubaliana 2024. Revit ikishapandisha toleo hairudi chini, kwa hiyo faili moja tu ya namna hiyo inawafungia mlango wengine wote. Kusema hapana hapo si kukuvunjia heshima.

Suala la sahihi uko sawa kabisa, na ndiyo maana kwetu michoro yote ya kaunti inatolewa kutoka ndani ya modeli, si kuchorwa pembeni. Ofisi moja (siitaji) ilikuwa ikitoa karatasi kutoka AutoCAD, programu ya michoro ya kawaida, na kuchora modeli "kwa ajili ya mratibu". Ndani ya mwezi karatasi na modeli zilikuwa majengo mawili.

Uingereza serikali kuu ilianza kudai BIM kwenye miradi yake Aprili 2016, kwa hiyo kule mratibu anaegemea mkataba. Mikataba mingi inayopita mikononi mwangu huku haitaji BIM hata mara moja. Usipoiambatisha mwenyewe kabla watu hawajasaini ada zao, baadaye utabaki kuomba.

JaduongMiundo

Hapo umesema kitu. Lakini mwambie na msanifu aache kuhamisha nguzo zangu.

MratibuWaMilimani

Nguzo ni zako, Jaduong'. Kwenye jedwali la majukumu tuliandika kila kitu na mwenyewe: slabu, nguzo na boriti ni za miundo, msanifu anaziona kwa kuziunganisha tu na hana ruhusa ya kuziiga ndani ya faili lake. Yeye anamiliki tabaka la juu la sakafu, plasta na dari. Matundu ya kupitisha mabomba kwenye slabu ndiyo yaliyotusumbua: fani ya huduma inaweka umbo la ombi, wewe unakubali au unakataa, na tundu lenyewe linakatwa ndani ya modeli yako. Msanifu akitaka nguzo isogee, anafungua suala lenye picha na namba ya gridi. Hasogezi.

Hewa_na_Dakti

Mimi nitaongelea dari, maana ndiko tunakolilia.

Chukua korido ya hospitali. Sakafu hadi sakafu mita 3.6. Boriti pamoja na slabu ina kina cha 600. Tabaka la sakafu 50. Msanifu anataka dari iwe mita 2.7. Toa: chini ya boriti zimebaki milimita 250. Dakti yangu kuu ya kwenda vyumba vya upasuaji ina kimo cha 350 kabla ya kuivisha koti la kuzuia joto, na likivaa inafika 400. Siwezi kuikonda nitakavyo, kwa sababu kiwango cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa hewa cha Marekani, kinataka hewa ya chumba cha upasuaji ibadilike mara 20 kwa saa.

Msanifu anasema ibane, iwe pana na nyembamba, 200 kwa 900. Eneo linatosha, sawa. Ila ukiivisha koti ina kimo cha 250 kamili, haibaki hata nafasi ya kuning'inizia. Halafu anakuja ndugu yetu wa majitaka na bomba la milimita 100, mita 12, mteremko wa 1 kwa 60. Hilo peke yake linashuka 200 kutoka mwanzo hadi mwisho, na maji machafu hayabembelezwi yapande.

Tulipona kwa kugeuza dakti iende sambamba na boriti, kati ya moja na nyingine, ambako slabu ya 200 inaacha nafasi ya 650. Na korido ikakubali dari ya mita 2.4 mahali pawili inapovuka. Uamuzi huo ulichukua kikao kimoja kwa sababu ulikuwa bado kwenye skrini. Zege likishamwagwa, unakodi mashine ya kutoboa.

Ninachomwomba mratibu yeyote: wekeni utaratibu wa nani anapita kwanza. Bomba la majitaka la mteremko kwanza, maana halina hiari. Kisha dakti kubwa. Kisha trei za nyaya. Mabomba madogo ya shinikizo na gesi yanaweza kupinda, yaje mwisho. Bila utaratibu huo mwenye sauti kubwa ndiye anayepata dari.

TreiYaNyaya_Kisii

Injinia wa hewa umesema kweli yote isipokuwa trei. Trei hazipindi ovyo, nyaya nene zina kipimo cha kupinda. Na nikikaa chini ya bomba la maji nani atajibu likivuja?

Hewa_na_Dakti

Nakubali. Trei juu ya mabomba ya maji, au pembeni. Hilo liandikwe.

MratibuWaMilimani

Tulianza kwa makosa ya kawaida ya kazi hii, yale ya kutafuta migongano yote (vitu viwili kugombea nafasi moja) kwa pamoja. Kila mtu anayeingia mara ya kwanza kwenye Navisworks, programu ya kuunganisha modeli na kutafuta migongano, hufanya hivyo. Inakutemea maelfu, nusu yake ni bomba linalogusa koti lake lenyewe. Hakuna kikao kinachoweza kusoma orodha hiyo. Pimeni kwa jozi: miundo na dakti kwanza, kisha miundo na majitaka, kisha dakti na trei. Wekeni ustahimilivu, yaani mgongano mdogo unaopuuzwa; sisi ni milimita 25. Na msisahau migongano laini, yaani vitu havigusani lakini fundi wa matengenezo hana pa kuingiza mkono kufungua vali. Programu haiioni mpaka uiambie.

Mgongano ukithibitishwa unakuwa suala lenye mwenyewe mmoja, tarehe na picha ya kamera, na unatumwa kwa BCF (faili la kubebea masuala kati ya programu) ili aubonyeze afike palepale ndani ya programu yake. Barua pepe yenye picha ya skrini na mshale mwekundu inapotea. "Mitambo na miundo waangalie" nayo haina mwenyewe.

Omwami_Mkadiriaji (Kakamega)

Sasa tuje kwenye pesa. Watu wanamwambia mwenye mradi kwamba BIM itatoa idadi ya vifaa kwa kubonyeza kitufe. Ninyi mnaosema hivyo mmewahi kupima?

Kanuni zetu za upimaji za Afrika Mashariki hazifanani na jinsi modeli inavyohesabu. Msanifu akichora ukuta kutoka slabu hadi slabu na kusahau kuukata chini ya boriti, nimelipia jiwe mahali ambapo kuna zege. Nguzo ikipenya slabu bila kuunganishwa vizuri, zege la makutano linahesabiwa mara mbili. Formweki (mbao za kushikilia zege) haimo. Nondo mara nyingi hazimo, labda injinia atumie Tekla, programu ya miundo, au achore zote, na wachache wana muda huo. Mlango unaoitwa "Door 1 copy 3" siwezi kuupa bei.

Mimi napokea modeli, ndiyo, lakini naikagua kwa sampuli: nachukua ghorofa moja nailinganisha na upimaji wa mkono. Tofauti ikieleweka, naiamini iliyobaki. Isipoeleweka narudi kwenye kalamu.

NyarKano_Michoro

Omwami, si ungetuambia mapema unataka nini? Tunachora hatujui wewe unapima vipi.

Omwami_Mkadiriaji (Kakamega)

Binti yangu, nani aliniita mapema? Mimi huitwa michoro ikiwa imeisha na zabuni inatakiwa Ijumaa.

MratibuWaMilimani

Hapa Omwami ana haki yote na nitamtetea. Mkadiriaji akae kwenye kikao cha kwanza na aseme anahitaji vitu gani viwe na taarifa zipi na katika hatua ipi. Kwa mfano kwenye hatua ya awali mlango unatosha kuwa na upana na kuhimili moto. Komeo na bawaba zije baadaye. Mchoraji akilazimishwa kujaza kila kisanduku tangu wiki ya kwanza atajaza uongo, na uongo ndani ya modeli unaonekana kama kweli.

Sisi hata ukataji wa ukuta chini ya boriti tuliuingiza kwenye ukaguzi wa kuingilia. Solibri, programu ya kukagua modeli, inaweza kuwekewa sheria ya namna hiyo. Ofisi ya Nairobi ilinung'unika kwa kuwa wao ni watu wa ArchiCAD na wanatuma IFC (aina ya faili inayosomeka na programu tofauti), lakini IFC nayo ni kiwango cha ISO, ya 16739, na ukuta mrefu kupita kiasi unaonekana humo pia. Kinachopotea kwenye IFC ni uwezo wa kuuhariri, na sisi hatutaki mtu mwingine auhariri.

FomaniKondele

Wakubwa, niwakumbushe huku chini. Mimi sina Navisworks. Nina simu yenye kioo kilichopasuka, karatasi ya A1 iliyolowa, na mafundi wanaouliza "bomba linapita wapi" saa moja asubuhi.

Kinachonisaidia: picha ya 3D ya kila chumba kigumu, ikiwa imechapishwa karatasi moja na vipimo vinne vitano, si zaidi. Chumba cha mashine, shafti (njia ya wima ya mabomba na nyaya), juu ya dari ya korido. Na ile herufi ya toleo iwe kubwa. Nikiona P ni ya kujadiliwa, siigusi. Nikiona C ndiyo ya kujengea. Mwaka jana mkandarasi mwingine mtaa wa pili alijengea karatasi ya P na ukuta ukabomolewa. Sitamtaja.

Jambo la pili, tukibadilisha kitu kazini turudi kuwaambia nani? Maana modeli yenu inaendelea kuwa nzuri na jengo linakuwa lingine.

MratibuWaMilimani

Fomani, picha ya chumba kigumu ni wazo tulilolichukua kwa wenzako wa kazini na linafanya kazi kuliko ripoti yoyote. Mabadiliko yapige picha, andika gridi na ghorofa, yatume kwa mwakilishi wa msanifu kazini, yeye ndiye anayefungua suala. Usimtumie mchoraji moja kwa moja hata kama mnajuana, atachora bila injinia kujua.

Savea_wa_Bonde

Na mimi niitwe kupima matundu kabla zege halijamwagwa. Dakika ishirini za total stesheni, kifaa chetu cha kupimia.

Mtaa_wa_Lurambi

Mnaongelea seva za mtandaoni kana kwamba huku Kakamega radi hazipo. Saa tisa mchana mawingu yakijikusanya, stima inakwenda na faili kuu iko katikati ya kusawazishwa. Mnaishije?

TreiYaNyaya_Kisii

Radi za huku kwetu Kisii ni ndugu wa hizo zenu. UPS kwa kila kompyuta, kinga ya mawimbi ya umeme kwenye laini, na sheria moja: kusawazisha ni kabla ya chakula cha mchana, kisha kila mtu afunge faili lake vizuri jioni akiachilia alichokishika. Mtu akiondoka ameshikilia ukuta, wenzake hawawezi kuugusa.

MratibuWaMilimani

Naongeza: tulipasua faili la usanifu vipande vitatu: maumbo ya nje, ndani, na samani za hospitali. Vitanda na mashine za picha zilikuwa zinabeba uzito kuliko jengo lenyewe, kwa sababu watu walizipakua kutoka kwa watengenezaji zikiwa na kila skrubu. Kutuma toleo la wiki kwenda Nakuru sasa si kazi ya usiku kucha.

NyarKano_Michoro

Swali la mwisho kabla sijaenda kazini. Huyu mratibu analipwa na nani? Kwetu msanifu anasema alipwe na mwenye mradi, mwenye mradi anasema ni sehemu ya ada ya msanifu.

Omwami_Mkadiriaji (Kakamega)

Weka kama mstari wake peke yake kwenye mapendekezo ya ada, na uandike saa za kikao cha kila wiki, ukaguzi wa faili na leseni za programu. Ikifichwa ndani ya ada ya msanifu itakuwa ya kwanza kukatwa.

JaduongMiundo

Na mratibu asiwe mfanyakazi wa ofisi ya msanifu. Akiwa wa kwao, faili zao hazitakataliwa kamwe.

MratibuWaMilimani

Jaduong', kwetu nipo chini ya kiongozi wa timu ya wabunifu, ambaye ndiye msanifu, kwa hiyo unanipiga mimi. Lakini barua ya uteuzi imetiwa sahihi na mwenye mradi, na faili ya kwanza kabisa niliyoikataa ilikuwa ya ofisi yangu. Nikipata ruhusa nitaweka hapa jedwali letu la majukumu likiwa limefutwa majina. Fomani, nitumie zile picha za shafti ya mashariki leo, kikao ni kesho saa nne.